Aombewe, lakini sindano asiache

Swali: Mama mkwe wangu anatumia insulini. Ameambiwa kwenye maombi kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji dawa. Je, imani na akili haviendi pamoja?

Jibu: Vinakwenda pamoja, tena tangu zamani. Mtume Paulo, ambaye Biblia inasema aliombea wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka, mwenzake wa safari, alikuwa tabibu. Kwa Waislamu, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inasimulia mtu aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia bila kumfunga, amtegemee Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee.

Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kwenda kule kuomba uponyaji hakukuwa dhambi. Msiba uliwapata wale waliorudi nyumbani wakaacha dawa za ARV, ilhali virusi vya UKIMWI bado vilikuwa mwilini.

Insulini haina subira hata hiyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, asidi hupanda katika damu, pengine ndani ya siku moja tu: kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu, mwisho kupoteza fahamu.

Kwa hiyo mama aombewe, na sindano iendelee. Akihisi amepona, aende kliniki apimwe sukari, na daktari ndiye aamue kuhusu dozi. Dalili hizo zikijitokeza, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku.