SOMO LA ROBO HII: KWA NINI MAKINDA WA KIOTA KIMOJA HUUANA?



Katika kikao kimoja na kamati ya mradi hapa Kwa Sadala, tulikaa chini ya mti ambao yangeyange walikuwa wamejenga viota vyao. Tukiwa katika ajenda ya mgao wa mbuzi, kinda mdogo alianguka karibu na meza ya katibu. Alikuwa amekonda, na kichwa chake kilikuwa na vidonda vya kudonolewa. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Hao ni Kaini na Habili, Bwana Mratibu. Hata ndege wana wivu." Tukacheka, tukaendelea na kikao. Lakini swali halikuniacha: ndugu wa tumbo moja wanapigana hadi kuuana, na mama yao yupo hapo hapo. Kwa nini haamui ugomvi?

Ugomvi unaanzia kwenye yai

Yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni, hawatagi mayai yote siku moja. Jike hutaga yai, na baada ya siku moja au mbili hutaga jingine. Wazazi huanza kuatamia kabla mayai hayajakamilika. Kwa hiyo kinda wa kwanza huanguliwa mapema, na wa tatu anapotoka, kaka zake wameshakula na kupata nguvu. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mayai ya kwanza ya yangeyange yana homoni nyingi zaidi za kuongeza ukali kuliko yai la mwisho. Mkubwa anapewa siku za ziada na ukali pia, na vyote viwili vinatoka kwa mzazi.

Mtaalamu Douglas Mock na mwenzake, katika utafiti wa mwaka 1987, walibadilisha makinda ili wote katika kiota wawe wa umri mmoja. Tungetegemea amani. Ikawa kinyume: walipigana zaidi, na wazazi walilazimika kuleta chakula kingi zaidi. Hivyo kwa ndege hawa kupishana umri kuna faida kwa mzazi. Chakula kikiwa kingi, wote wanaweza kukua. Kikipungua, mdogo hufa mapema, na wale wakubwa hupona.

Tai mweusi

Kwa tai mweusi, anayekaa kwenye majabali na kula pimbi, hali ni ngumu zaidi. Kwa kawaida hutaga mayai 2, na kinda wa pili huuawa karibu kila mara. Bibi Valerie Gargett, aliyewachunguza tai hawa katika milima ya Matobo, Zimbabwe, alieleza mwaka 1978 kuhusu kiota ambacho mdogo alidonolewa mara 1,569 katika siku 3, kisha akafa. Chakula hakikukosekana kiotani. Wataalamu wanaeleza kwamba yai la pili ni akiba: yai la kwanza likiharibika, au kinda wa kwanza akifa, wa pili yupo. Wa kwanza akiwa mzima, akiba haihitajiki tena.

Bundi

Si ndege wote wako hivyo. Yule bundi mwenye uso mweupe, ambaye wengi wetu tunamfukuza tukidhani ameleta mkosi, naye huangua makinda kwa kupishana siku. Lakini Alexandre Roulin na wenzake huko Uswisi wamegundua kwamba usiku, wazazi wakiwa wameenda kuwinda, makinda huitana. Mwenye njaa zaidi huita kwa muda mrefu, na wenzake hupunguza kelele na kumwachia zamu. Wakati mwingine mkubwa humlisha mdogo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusimlaumu kinda. Nguvu aliyonayo mkubwa na udhaifu alionao mdogo vilipangwa kabla hawajaonana. Mzazi haingilii kwa sababu ugomvi huo unafuata mpango wake mwenyewe.

Pili, sisi si ndege. Kaini aliulizwa alipo ndugu yake. Kinda wa tai haulizwi. Kwa hiyo haifai mtu kusema, "hata ndege wanafanya hivyo," akahalalisha kumnyima mdogo.

Tatu, na hili linanihusu mimi. Katika mpango wetu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi, kina mama wa orodha ya kwanza walipata mbuzi mara moja, na wa orodha ya mwisho wakaambiwa wasubiri watoto wa mbuzi hao. Mbuzi kadhaa walikufa, wengine walizaa madume matupu. Waliosubiri wakaanza kugombana na waliopata. Katika taarifa yangu kwa wafadhili niliandika, "Kikundi hakina umoja." Nilipaswa kuandika kwamba sisi tulipanga zamu, na hatukuweka akiba kwa ajili ya wale wa mwisho. Sasa nimeirekebisha taarifa hiyo, na kamati imekubali kwamba awamu inayofuata itaanza na orodha ya mwisho.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mradi wenu, nani walitangulia kupata, na nani alipanga iwe hivyo?
2. Je, ugomvi mnaouona unatokana na uhaba, kama wa yangeyange, au utaendelea hata vitu vikiwa vingi, kama wa tai?
3. Aliye wa mwisho anawezaje kusikika kabla ya mgao, kama kinda wa bundi anavyosikika kabla mzazi hajarudi?

Tafadhali tuleteeni majibu yenu kabla ya toleo lijalo. Tutayasoma yote, hata yale yanayotulaumu.