Khati za Mwanzo za Watoto Wetu

Katika miji yetu ya pwani mtoto wa chuoni alizoea kuandikiwa alifu na be juu ya ubao; akishazijua, ubao huoshwa akaandikiwa nyingine. Hatuulaumu utaratibu huo, kwani ubao ni mmoja na masomo ni mengi. Lakini leo watoto wana madaftari, nasi twayafanyia yale yale ya ubao.

Mimi mwenyewe nilipata kumpa mwuza njugu fungu la karatasi kuukuu, na ndani yake mlikuwamo daftari la kwanza la binti yangu. Jioni akaletewa njugu zilizofungwa katika ukurasa wake mwenyewe, wenye jina lake alilolianza kwa herufi kubwa na kulimaliza kwa ndogo pembezoni, nafasi ilipomwishia. Hakulia. Aliukunjua, akaulaza juu ya mkeka, akaniuliza nyingine ziko wapi. Sikuwa na jibu.

Huko Novgorod, nchi ya Urusi, katika karne ya 13 ya miladi, palikuwa na mtoto jina lake Onfim, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 6 au 7. Alijifunza kuandika kwa kukwaruza juu ya gome la mti. Mwaka 1956 wachimbaji wa mambo ya kale waliyafukua magome yake, yaliyosalimika kwa kuwa udongo ule ni wa majimaji na hewa haipenyi. Yamo herufi zao zote kwa mpango, kisha silabi. Na alipochoka na somo amejichora juu ya farasi, akimchoma adui mkuki. Watu wake wengine wana vidole vitatu, wengine zaidi ya vitano! Lau mama yake angaliyatia jikoni yote, tungalijuaje habari za somo lake?

Wala mzazi asimkemee mtoto mdogo anayegeuza herufi kama ionekanavyo kiooni. Ni jambo la kawaida kwa wanaoanza, na wetu hufundishwa khati mbili, moja ikitoka kulia na moja kushoto. Ukurasa huo wenye makosa ndio hasa wa kuwekwa.

Ama picha za viumbe, wanazuoni wamekhitalifiana, na wengi wamewaruhusu watoto vitu vyao vya kuchezea kwa hadithi ya wanasesere wa Bibi Aisha. Asiyeridhika na amwelekeze mwanawe kwenye miti na majahazi, kwani Ibn Abbas alimruhusu mchoraji vitu visivyo na roho.

Kuhifadhi si kazi ngumu. Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina, umri na tarehe. Usitie pini, kwani hewa yetu ya chumvi huzipatisha kutu upesi. Wala usibandike kwa utepe wa gundi, maana hugeuka manjano. Ilaze ndani ya sanduku kavu, mbali na jua na ukuta wenye unyevu, ulifungue mara kwa mara utazame mchwa. Huna haja ya kuweka zote. Chache za kila mwaka zatosha, na mtoto mwenyewe azichague.

Ule ukurasa wa njugu ungali kwangu. Nimeutenga katika bahasha yake, kwa kuwa mafuta yake hupenya hata karatasi iliyo jirani.