Mraba Uliogeuzwa: Maumbo na Kufikiri katika Darasa la Pili

Ndugu mwanachuo, wengi wetu tulifundishwa maumbo kwa njia ya majina. Mwalimu alichora ubaoni, akasema, "Pembetatu," nasi tukaitikia kwa pamoja. Alipofuta ubao, tulibaki na majina matano au sita, na picha moja tu ya kila jina. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa somo la maumbo, likifundishwa vema, humzoeza mtoto jambo kubwa kuliko majina: kutoa sababu ya analolisema, na kuikagua sababu hiyo kabla ya kuiamini.

Kosa langu

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilikata mraba wa karatasi ngumu, nikauonyesha kwa watoto wa Darasa la Pili. Wote wakasema, "Mraba!" Kisha nikaugeuza hata kona moja ikaelekea chini, nikauliza, "Na hili je?" Darasa likajibu, "Kishada!" Mtoto mmoja wa kike aliyeketi nyuma akasema, "Ni mraba, Mwalimu. Umeugeuza tu."

Andalio langu la somo lilikuwa na neno "almasi" mahali hapo. Nikamwambia amekosea, akae chini. Alikaa. Kwa majuma yote yaliyosalia hakunyosha mkono tena katika vipindi vyangu. Mtoto yule alikuwa amenipa jibu sahihi pamoja na sababu yake. Mimi nilimjibu kwa cheo changu tu.

Ngazi za kuelewa

Mwaka 1957 walimu wawili Waholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walikamilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht kuhusu namna wanafunzi wanavyoelewa jometri. Walieleza kuwa uelewa huo hupanda kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima: hili ni mstatili kwa sababu linafanana na mlango. Katika ngazi ya pili huzitazama sifa zake: lina pande ngapi, pande zipi ni sawa, kona zake zikoje. Katika ngazi ya tatu huzihusisha sifa hizo, akaona, kwa mfano, kuwa kila mraba ni mstatili pia.

Walisisitiza kuwa mtoto hapandi ngazi kwa sababu ya kukua umri tu. Hupandishwa na mafundisho anayoyapata. Darasa langu lilikuwa katika ngazi ya kwanza. Yule mtoto wa nyuma alikuwa ameanza kupanda, nami nikamrudisha chini.

Zana

Zana za somo hili hazihitaji fedha. Kila kikundi cha watoto wanne au watano kiwe na mraba wa karatasi ngumu. Vijiti saba vyenye urefu wa sentimita 20 kila kimoja. Uzi wa kuvifungia. Na kipande cha karatasi kwa kutengeneza kipimo cha kona. Kunja karatasi mara moja, kisha ikunje tena ili mkunjo wa kwanza ulaliane barabara. Kona iliyopatikana ni pembe mraba.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Kugeuza. Watoto waugeuze mraba wa karatasi kila upande. Uliza, "Je, bado ni mraba?" Watakaokataa na watakaokubali waseme sababu zao. Usiamue. Uliza, "Tutahakikishaje?" Wapime pande kwa uzi na kona kwa kipimo chao. Watagundua kuwa hakuna kilichobadilika.

Hatua ya pili: Kusukuma. Wafunge vijiti vinne viwe mraba, bila kukaza sana. Waisukume kona moja taratibu. Uliza swali lile lile. Wengine watasema, "Ni mraba, kwani pande ni sawa." Hapo ndipo penye kiini cha somo. Wapime tena: pande zingali sawa, lakini kona si pembe mraba tena. Kwa hiyo pande sawa peke yake hazitoshi. Sababu iliyoonekana nzuri imejaribiwa, ikaonekana pungufu.

Hatua ya tatu: Kulinganisha. Wafunge vijiti vitatu viwe pembetatu, wajaribu kuisukuma vilevile. Haitainama. Watoke nje wakaitazame kenchi ya paa lolote lililo karibu, kisha wajadili kwa nini fundi ameweka pembetatu.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, usichore pembetatu iliyokaa kitako siku zote. Chora nyembamba, iliyolala, na yenye ncha chini. Changanya pia maumbo ya uongo, kama lenye upande uliopinda, ili watoto walikatae kwa sababu.

Pili, uliza "Umejuaje?" hata jibu linapokuwa sahihi. Ukiuliza kwa aliyekosa tu, watoto watalichukua swali hilo kuwa ni karipio.

Tatu, subiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa walimu wengi husubiri kiasi cha sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu na yenye sababu.

Nne, mtoto akikuonyesha kuwa umekosea, mshukuru mbele ya wenzake. Heshima yako haitapungua. Watoto watajifunza kuwa katika hisabati sababu ndiyo inayoamua, hata mbele ya mwalimu.

Mazoezi

1. Andika andalio la kipindi kimoja kuhusu duara, lenye maswali matatu yanayodai sababu.
2. Mtoto asema, "Mraba si mstatili, kwa kuwa mstatili ni mrefu." Eleza shughuli utakayompa, bila kumwambia kuwa amekosa.
3. Katika mazoezi yako yajayo ya kufundisha, andika neno kwa neno jibu moja la mtoto ambalo hukulitazamia. Lilete darasani tulijadili.