Nafasi ya Serikali za Mitaa katika Kuhifadhi Nyumba za Mawe za Lamu

Makala haya yanajadili jinsi serikali za mitaa zinavyosaidia kuhifadhi majengo ya kihistoria, kwa kurejelea mji wa Lamu. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba msaada huo umejikita mno katika sura ya nje ya nyumba, ilhali sehemu kubwa ya urithi, pamoja na msamiati wake, imo ndani.

Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka wa 1986, na mwaka wa 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika kipindi hicho, mwaka wa 1991, ilianza kazi tume ya mipango ya kuwashauri wenyeji kuhusu ukarabati, na afisa wa uhifadhi akawekwa kufanya kazi na baraza la mtaa. Katiba ya 2010 iliigawa kazi hiyo upya. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yalibaki mikononi mwa serikali ya taifa, nayo mipango ya maendeleo na makazi ikakabidhiwa kaunti. Kwa hivyo Makavazi ya Taifa yana utaalamu na sheria ya mwaka wa 2006, lakini kaunti ndiyo yenye mpango wa mji.

Mamlaka hayo huonekana zaidi barabarani: urefu wa jengo, mlango wa nakshi, ukuta unaotazamana na ukuta wa jirani. Lakini nyumba ya Lamu haikujengwa itazamwe kutoka nje. Ukuta wake wa nje ni mtupu kwa makusudi. Mgeni hupokewa katika daka, kisha huingia kiwandani. Mbele yake kuna msana wa tini na msana wa yuu, halafu ndani penye safu za zidaka, na nyuma yake nyumba ya kati, mahali pa uzazi na pa kumwandalia maiti. Juu ya kichochoro, wikio huunganisha nyumba mbili ili wanawake wapite bila kushuka njiani. (Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na zidaka katika kamusi kabla ya kukiona kidaka kimoja.) Upana wa vyumba hivi uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Misana miwili ikiunganishwa iwe ukumbi wa wageni wa hoteli, ukuta wa nje hauonyeshi lolote, na mtoto anayekulia humo hana haja tena ya kutofautisha tini na yuu.

Tatizo la pili ni vifaa. Matumbawe na chokaa huhitaji kupumua. Saruji ikipakwa juu yake hufungia unyevu ukutani, na vichwa vya boriti huoza. Mwenye nyumba huchagua saruji kwa sababu ni rahisi kupatikana, wala si kwa kudharau urithi. Serikali ya taifa iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, mikoko nayo ilihusika, na hapo kaunti haikuwa na kauli. Nyumba nyingi pia ni mirathi ya ndugu kadhaa: kila mmoja ana fungu, hakuna anayeweza kugharimia paa peke yake. Kumkataza mtu kama huyo bila kumpunguzia ada au kumpatia chokaa ni kumsukuma auze.

Jambo moja lisilo na gharama kubwa limepuuzwa. Sheria za ujenzi nchini zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali fundi na mwenye nyumba huzungumza Kiamu. Fomu ya kuomba kibali ingeweza kuuliza kwa majina ya wenyeji: msana upi unaguswa, zidaka ngapi zitabaki, wikio litaegemea wapi. Majibu yake yangekuwa orodha ya kila nyumba kabla nyundo haijapigwa, na idara za Kiswahili vyuoni zina watu wa kuiandaa fomu hiyo pamoja na mafundi wenyewe.