Kibaba cha Nishati: Maisha na Kazi ya Max Planck

Mhunzi wa Mvumi, katika uwanda wa Dodoma, hahitaji kipimajoto. Hupuliza makaa kwa mvukuto na kutazama rangi. Chuma kinapofikia nyuzi 600 hivi za Sentigredi huwa chekundu hafifu. Kikizidi kupata moto hugeuka rangi ya machungwa, kisha manjano. Kwa nini rangi huanza na nyekundu, wala si urujuani? Swali hili la kiwandani kwa mhunzi ndilo lililozaa fizikia mpya.

Mtu aliyelijibu

Max Planck alizaliwa tarehe 23 Aprili, 1858, mjini Kiel, Ujerumani. Alipokuwa kijana huko Munich, Profesa Philipp von Jolly alimshauri asisomee fizikia, kwa kuwa karibu kila jambo la maana lilikwisha gunduliwa. Planck hakuacha. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1879, na mwaka 1889 akahamia Chuo Kikuu cha Berlin.

Huko Berlin wataalamu walikuwa wakipima mnururisho utokao katika tundu dogo la tanuri. Kanuni aliyoitoa Wilhelm Wien mwaka 1896 ilikubaliana na vipimo vya mawimbi mafupi. Lakini mwaka 1900 vipimo vya Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum vilionyesha kwamba kanuni hiyo haikufaa kwa mawimbi marefu. Tarehe 14 Desemba, 1900, Planck alieleza mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani jinsi ya kuondoa tatizo hilo.

Mfano wa sokoni

Hapo awali nishati ilidhaniwa kuwa kama maziwa, ambayo humiminwa kwa kiasi chochote. Planck alilazimika kuihesabu kama nafaka iuzwayo kwa vipimo kamili tu. Tuseme mwuza mtama ana vibaba, madebe na magunia, wala hakubali kufungua hata kimoja. Wateja wenye fedha kidogo watanunua vibaba. Wachache sana watamudu gunia.

Ndivyo ilivyo ndani ya chuma. Miale ya joto isiyoonekana hutoka kwa vipimo vidogo, nayo hutoka kwa wingi. Kipimo cha mwanga mwekundu ni kikubwa zaidi, na cha urujuani hukikaribia mara mbili. Kwa hiyo joto linapopanda, nyekundu hutangulia kuonekana. Kipimo kimoja huitwa kwanta, na ukubwa wake ni:

E = h × f

Hapa E ni nishati, f ni idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, na h ni namba ya Planck, yaani 6.63 × 10⁻³⁴ joule-sekunde. Namba hii ni ndogo mno. Ndiyo sababu vipimo hivyo havihisiki katika maisha ya kila siku.

Mgunduzi mwenye mashaka

Planck hakuwa mtu wa kupenda mapinduzi. Katika barua ya mwaka 1931 alisema kwamba hatua ile ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa. Mwaka 1905 Albert Einstein alidai kuwa mwanga wenyewe husafiri kwa vipimo hivyo. Planck alilitilia shaka wazo hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo hakukana vipimo vya maabara ili kuilinda imani yake. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918.

Maisha yake yalijaa misiba. Mwanawe Karl alifariki vitani mwaka 1916. Mabinti zake mapacha walifariki baada ya kujifungua, mmoja mwaka 1917 na mwingine mwaka 1919. Mwanawe Erwin alinyongwa na utawala wa Hitler mwezi Januari, 1945. Planck mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba, 1947.

Faida yake leo

Kioo cha umeme wa jua hufanya kazi kwa kuwa kila kwanta yenye nguvu ya kutosha huweza kufungua elektroni moja. Kwanta ya eksirei huizidi ya mwanga maelfu ya mara. Kwa hiyo mpiga picha wa hospitali hujikinga nyuma ya ukuta.

Zoezi

1. Mwanga mwekundu una f = 4.3 × 10¹⁴. Tafuta E. (Jibu: joule 2.9 × 10⁻¹⁹ hivi.)
2. Eleza kwa nini balbu ya waya huwa nyekundu umeme unapopungua nguvu.