JE, PLOTI YETU INAWEZA KUPATA CHETI?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nasema kuna majengo yenye nyufa miaka nenda miaka rudi, na watu wanalala humo. Makala haya yanahusu majengo hayo. Hayahusu yale yatakayojengwa kesho. Yanahusu haya tunamoishi na kusomea leo.

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kusikia habari za majengo ya kijani. Usidhani ni nyumba zilizopakwa rangi ya kijani, la hasha! Jengo la kijani ni lile linalotumia stima na maji kwa kiasi, lisilotupa taka ovyo, na ambalo waliomo wanapata hewa safi na mwangaza. Kuna mashirika duniani yanayokagua majengo na kuyapa vyeti, kama vile sisi tunavyotahiniwa na kupewa gredi.

Vyeti Vyenyewe

Nitataja viwili tu. Cha kwanza kinaitwa LEED. Kinatokana na Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1993. Jengo linapewa alama. Likipata 40 limepita, 50 ni fedha, 60 ni dhahabu, na 80 kwenda juu ni platinamu. Kuna mtihani wa majengo mapya na mtihani mwingine wa majengo ambayo tayari yanatumika. Huu wa pili ndio ulionivutia. Hapa mkaguzi haridhiki na michoro ya msanifu. Anataka rekodi: stima mliyotumia, maji mliyotumia, taka mliyotupa. Tena wakaaji wenyewe huulizwa kama wanaridhika na hewa, joto na mwangaza. Na cheti hicho si cha maisha. Muda wake ukiisha, jengo linakaguliwa upya.

Cha pili ni EDGE, kilichobuniwa na IFC, ambayo ni tawi la Benki ya Dunia, hasa kwa nchi zinazoendelea kama yetu. Chenyewe kilianza na masharti matatu: upunguze nishati kwa asilimia 20, maji kwa asilimia 20, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi kwa asilimia 20, ukilinganisha na majengo ya kawaida ya mahali ulipo.

Kwa Nini Tusibomoe Tujenge Upya?

Hili ndilo swali ambalo rafiki zangu waliniuliza. Jibu ni kwamba saruji, matofali na mabati huhitaji moto mkali sana kutengenezwa. Moto huo ulishawashwa zamani na moshi wake ulishaenda angani. Ukibomoa, unauwasha tena. Kwa hiyo mara nyingi ni afadhali kurekebisha kilichopo.

Tazama jumba la Empire State kule New York. Lilikamilika mwaka wa 1931 na lina ghorofa 102. Lilipofanyiwa ukarabati, mafundi waliondoa vioo vya madirisha 6,514. Hawakuvitupa! Walivitengeneza upya ndani ya jumba lilo hilo, wakavirudisha vikiwa na uwezo wa kuzuia baridi na joto. Mwaka wa 2011 mzee huyo wa miaka 80 akapata cheti cha LEED cha dhahabu.

Hata hapa Nairobi iko mifano. Chuo Kikuu cha Strathmore, kilichoko Madaraka, si mbali na Kibera, kiliweka mitambo ya sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka wa 2014. Na serikali yetu, katika kanuni za mwaka wa 2012, iliagiza kwamba jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 za stima kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu.

Kibera nako hakujalala. Shangazi yangu anaishi Katwekera, na huko kuna jengo liitwalo kituo cha bayogesi, mojawapo ya yale yaliyojengwa kwa msaada wa Umande Trust. Watu wanaingia chooni, uchafu unaenda kwenye shimo lililofunikwa chini ya ardhi, vijidudu vinaumeng'enya mahali pasipo na hewa, na gesi inayotoka inapikiwa. Ukiambiwa chai imechemshwa kwa gesi ya choo unaweza kukunja uso, lakini mimi niliinywa na haikuwa na harufu yoyote.

Mtihani wa Ploti Yetu

Basi nikaamua kukagua ploti yetu pale Kawangware. Ina vyumba 14 vya mabati, mfereji mmoja wa tangi, na balbu moja ya korido. Nilichukua kalamu na daftari.

1. Maji. Mfereji wetu hudondoka. Niliweka mtungi wa lita 20 chini yake saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa umefika nusu. Maana yake ni lita 20 kwa siku, au lita 7,300 kwa mwaka. Tangi likikauka tunanunua mtungi kwa shilingi 20. Piga hesabu: mitungi 365 ni shilingi 7,300 zinazomwagika mtaroni. Fundi aliniambia kinachotakiwa ni washa ya mpira ya shilingi 50.

2. Stima. Balbu ya korido ilikuwa ya zamani, ya wati 60, na ilikuwa ikiwaka usiku na mchana. Kwa mwaka hizo ni karibu uniti 526. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwashwa usiku tu, saa 12, itatumia kama uniti 39.

3. Mwangaza na hewa. Hapa ndipo ploti yetu ilianguka vibaya. Chumba chetu hakina dirisha. Saa sita mchana ninasoma kwa taa, na mama akiwasha jiko la makaa, ndugu yangu mdogo anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nilisoma kuhusu fundi wa Brazil, Alfredo Moser, aliyegundua mwaka wa 2002 kwamba ukitoboa mabati ukapachika chupa ya plastiki yenye maji na jiki kidogo, maji hutawanya mwanga wa jua chumbani kama balbu. Jiki huzuia maji yasiwe ya kijani. Lazima tundu lizibwe vizuri, la sivyo mvua ya Aprili itakutafuta kitandani. Lakini chupa huleta mwanga tu, haileti hewa.

Nilipomaliza, nilimpelekea landilodi daftari langu. Aliniita mwanafunzi hodari, akasoma yote. Kisha akasema, "Kijana, nikiweka madirisha, kodi itapanda. Waambie wenzako."

Jioni mama alinikemea. "Nani alikutuma? Unataka tufukuzwe hapa? Dirisha litaingia, sisi tutatoka!" Nilinyamaza. Nilikuwa nimepiga hesabu ya lita na wati, lakini hiyo ya mama sikuwa nimeipiga.

Nilivyojifunza

Baadaye wapangaji walikaa kikao. Kila chumba kilitoa shilingi 30, zikawa 420, tukanunua washa na balbu ya LED, na chenji ikabaki. Mama ndiye aliyekusanya pesa. Mfereji haudondoki tena. Dirisha bado, na sitadanganya kwamba litakuja hivi karibuni.

Je, ploti yetu inaweza kupata cheti? Kwa sasa hapana. Haina rekodi, haina hewa. Tena jambo la ajabu ni kwamba mtu wa Kawangware hutumia stima na maji kidogo sana, si kwa sababu nyumba yake ni nzuri bali kwa sababu hana. Kutumia kidogo peke yake si ukijani. Umaskini pia hutumia kidogo. Ndiyo maana napenda lile swali la kuwauliza wakaaji. Kama ningekuwa mtungaji wa vyeti, ningeongeza sharti moja: baada ya ukarabati, mkaguzi arudi aone kama wapangaji wa kwanza bado wako.

Wanachama wenzangu, shime! Anzeni na shule zenu na ploti zenu. Chukueni daftari, hesabuni mifereji na balbu. Mimi naendelea na rekodi yangu, sasa ni mwezi wa tano. Siku mkaguzi akija, atatukuta na majibu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni nani anayefaa kulipia ukarabati wa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba au mpangaji?
2. Mfereji wa shule yenu ukidondoka lita 5 kwa saa, mtapoteza lita ngapi katika muhula wa siku 90?
3. Eleza tofauti kati ya nyumba inayotumia stima kidogo na nyumba ya kijani.