Maswali na majibu: Kula kaiseki Amsterdam

Mgahawa wa Yamazato uko ndani ya Hotel Okura, Amsterdam. Mwaka 2002 ulipata nyota ya Michelin, wa kwanza Ulaya miongoni mwa migahawa ya chakula cha jadi cha Kijapani.

Kaiseki ni sushi?

Hapana. Ni mlo wa vyakula vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa mpishi. Ulianza kama chakula chepesi kabla ya chai, desturi iliyokuzwa karne ya 16 na Sen no Rikyu, gwiji wa sherehe ya chai ya Kijapani. Wewe unachagua mlo mzima tu. Yaliyomo yanaamuliwa na msimu.

Niweke akili wapi zaidi?

Kwenye supu. Huja katika bakuli la laka lenye kifuniko, na mvuke huwa umekibana. Usikivute kwa nguvu: minya kingo za bakuli kidogo hewa iingie, kisha kifunue taratibu na uanze kwa kunusa. Mchuzi wenyewe ni mweupe, utadhani maji. Umetokana na mwani mkavu uitwao kombu, na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba mno. Kombu ikichemka kupita kiasi, mchuzi huharibika. Kwangu mimi mpishi hupimwa hapo, si kwenye samaki mbichi. Nyanyua bakuli unywe. Ndiyo adabu yenyewe.

Na vijiti?

Usivichomeke wima kwenye wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Vikikushinda, omba uma.

Mbona wali hauji?

Utakuja mwishoni, pamoja na supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na achari, kabla ya matunda. Najua kwetu wali ndio chakula chenyewe, lakini usiuombe mapema. Utashiba kabla hujaonja yaliyo bora.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Hapa uwe makini sana. Kutoagiza pombe hakutoshi, kwani hata samaki na mboga mara nyingi hupikwa kwa sake, pombe ya mchele, au mirin, ambayo ni tamu lakini nayo ina kilevi. Sosi ya soya nayo hupata alkoholi kidogo inapochachuka. Waeleze siku unapoweka nafasi, si ukishaketi, maana michuzi huandaliwa mapema. Zitaje sake na mirin kwa majina, na usiweke nafasi hadi ujibiwe waziwazi.